Kilo ya Nini? Tovuti Tunazozitegemea Katika Masomo Yetu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Chepseon, alasiri ya Jumapili katika mwezi wa Ramadhani. Imeandikwa upya na mtoa mada kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili.)



 Wazazi wangu, walimu wangu walionifundisha alifu na bee, ndugu zangu na dada zangu katika imani.

Kwanza naomba radhi. Wengi wenu mmetoka kwenye majani chai, mmechuma tangu asubuhi na saumu mnayo, na mimi nimepewa muda huu kabla ya futari nizungumzie mambo ya mtandao. Ukiona jirani yako anasinzia mguse tu bega, usimwamshe kwa kelele.

Ndugu mwenyekiti amenikaribisha kwa maneno mazuri. Amesema tumehimizwa tuitafute elimu hata ikiwa China, na akasema hiyo ni hadithi. Sasa mimi, kwa adabu zote kaka yangu, naomba nianzie hapo hapo. Maneno hayo ukiyatafuta kwenye simu yako leo usiku utayakuta kila mahali: kwenye tovuti za shule, kwenye hotuba za wakubwa, kwenye kadi za mahafali, mpaka kwenye insha niliyoandika mimi mwenyewe nikiwa kidato cha pili. Lakini Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 597 wa Hijria, yaani 1201, aliyaweka katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Kutafuta elimu ni wajibu, hakuna anayebisha, na dalili zake zipo nyingine zilizo imara. Ila maneno haya hayana mlango mzuri wa kuingilia. Yamerudiwa sana, basi tukadhani kurudiwa ndiko kuthibitika.

Mwenyekiti anacheka, alhamdulillahi. Mimi nilichekwa vibaya zaidi, na kisa hicho ndicho kilichonifanya nikubali kusimama hapa.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Tulipewa kazi ya muhula kuhusu kipato cha mkulima mdogo, nami nikachagua chai. Nani angenishinda katika chai? Nimezaliwa ndani yake. Kumbe kuzaliwa ndani ya kitu si kukijua. Sikuja nyumbani kuuliza mtu. Nilinunua bando, nikaingia Google, nikafungua tovuti tatu za kwanza, na moja ikanifurahisha kweli kweli. Ilikuwa na picha nzuri ya vilima vya kijani, rangi safi, na maneno makali. Ilisema kilo ya chai ya Kenya inauzwa mnadani Mombasa kwa bei fulani, mkulima analipwa sehemu ya sita tu ya bei hiyo, na zilizobaki zote zinaliwa njiani. Niliposoma damu ilinichemka. Nikanakili, nikabandika, nikaweka anwani ya tovuti kwenye marejeo, nikaona nimefanya utafiti.

Kosa langu halikuishia chuoni. Likizo ilipofika nilimsomea mjomba wangu karatasi ile. Mjomba ana ekari moja na nusu ya chai, na alikuwa na malalamiko yake ya haki kabisa kuhusu makato aliyokuwa haelewi, na kwa nini bonasi ya upande wetu wa magharibi ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa chini kuliko ya wenzetu wa mashariki. Akaniambia, "Mwanangu, niandikie hizo hesabu kwa herufi kubwa." Nikamwandikia. Ulipofika mkutano wa wakulima, mjomba akavaa koti lake la Idi, akasimama, akasoma: Mombasa wanauza kilo shilingi 300, sisi tunapewa 50, hizo 250 ziko wapi?

Watu wakapiga makofi. Kisha mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kiwandani miaka mingi akainua mkono, akauliza taratibu, "Kilo ya nini?"

Mjomba akasema, kilo ya chai. Yule mzee akamuuliza tena: ya majani mabichi uliyobeba mgongoni, au ya chai iliyokwisha kaushwa na kupakiwa? Hapo mjomba akanyamaza.

Ndugu zangu, mnajua wenyewe. Huchukua kama kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyotengenezwa. Mnadani Mombasa huuzwa chai iliyotengenezwa. Kwenye kituo cha kununulia unalipwa kwa majani mabichi. Hizo ni kilo mbili tofauti, na ile tovuti nzuri ilizichanganya kama maji na maziwa. Tarakimu zile ni za mviringo tu, nazitumia ili hesabu iwe nyepesi, lakini hebu tufanye pamoja. Shilingi 50 mara nne na nusu ni 225. Mnadani ni 300. Iliyobaki ni 75, si 250, na ndani ya hiyo 75 kuna kuni za kiwanda, umeme, mishahara na lori la kupeleka Mombasa.

Sikusema kwamba hizo 75 hazina maswali. Zinayo! Na hilo ndilo lililoniuma. Mjomba alikuwa na swali la kweli, mimi nikamvisha hesabu ya uongo, na hesabu ilipoanguka swali likaanguka nayo. Watu walicheka, mwenyekiti wa mkutano akasema tuendelee na ajenda, na makato hayakuzungumzwa tena siku ile.

Jioni alirudi nyumbani, akalitundika koti. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Nani alikuambia?" Nikajibu, mtandao. Akaniuliza, "Mtandao ni mtoto wa nani?"

Mjomba hakusoma chuo, lakini swali lake ni lile lile walilouliza wanazuoni wetu wa hadithi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mtu akija na maneno, kwanza taja jina la aliyekupa, na yeye alipewa na nani, mpaka yafike kwa aliyeyasikia. Hiyo ndiyo sanad. Kisha mtazame kila mmoja katika mlolongo huo: mkweli? Kumbukumbu zake zikoje? Walikutana kweli, au mmoja alikufa kabla mwenzake hajazaliwa? Halafu yaangalie maneno yenyewe, matini, kama yanakubaliana na yanayojulikana. Imam Muslim kabla ya kuingia katika hadithi aliandika utangulizi mzima juu ya wapokezi dhaifu na hatari yao. Na sote tumehifadhi Suratul Hujurat, tunajua aya ya sita inatutaka nini tukiletewa habari. Sisi wa madrasa tumefundishwa haya tukiwa wadogo, kwa fimbo wengine wetu, kisha tukifika mbele ya kompyuta tunayavua pamoja na viatu.

Basi tuipeleke elimu hiyo kwenye tovuti.

Ukifungua ukurasa, usisome maneno ya katikati kwanza. Soma anwani yake juu. Hapa Kenya mwisho wa anwani una maana: .ac.ke ni vyuo, .sc.ke ni shule, .go.ke ni serikali, .or.ke ni mashirika yasiyo ya kutafuta faida, .co.ke ni biashara. Vyuo na serikali hawapewi anwani hizo hivi hivi, lazima waonyeshe wao ni nani. Lakini .com na .org hata mimi naweza kununua kesho na nikajiita Taasisi Kuu ya Utafiti wa Chai Afrika, na nikaweka picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Kwa hiyo anwani ni dalili tu. Hata ile ya serikali isikulaze usingizi. Mwezi wa Januari 2012 mtu mmoja wa Indonesia aliziingilia tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mkupuo mmoja. Na ukurasa wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza unaweza kukaa chini ya .ac.ke sawa na wa profesa.

Baada ya anwani, tafuta jina la mwandishi. Yuko wapi? Anafanya kazi gani? Ametajwa mahali pengine nje ya tovuti yake mwenyewe? Kama hakuna jina, kuna taasisi inayobeba dhamana? Ile tovuti yangu haikuwa na jina la mtu. Kulikuwa na kitufe cha kuagiza chai na kitufe cha kuchangia pesa. Hapo tu ningeshtuka. Anayeuza, na anayetaka uchange, wote wanaweza kusema kweli, ila wana sababu ya kukukasirisha au kukufurahisha, nawe hapana budi uijue sababu hiyo kabla hujawanukuu.

Kisha tarehe. Hapa kwenye chai yetu mitego ni mingi, kwa sababu taasisi zetu zimebadilika majina kama mtoto anayehamishwa shule. Bodi ya Chai iliundwa mwaka 1950. Mwaka 2014 kazi zake zikaingizwa chini ya mamlaka moja kubwa ya kilimo, ikabaki kuwa idara. Kisha Sheria ya Chai ya 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021, ikairudisha bodi. Hali kadhalika watafiti wetu walioko hapa Kericho, pale Timbilil: tangu 1980 waliitwa Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya, baadaye wakawa Taasisi ya Utafiti wa Chai chini ya KALRO. Sasa mwanafunzi anakuta ukurasa unaosema "kwa mujibu wa bodi," hauna mwaka, naye anaandika kama ni habari ya jana. Unaweza kuwa unanukuu maiti, dada yangu. Ukurasa usio na tarehe niufanyeje? Mimi siku hizi siutumii kwa tarakimu yoyote. Naweza kuusoma kwa kupata fikra tu.

Haya, kuna jambo ambalo nadhani ndilo linalotudanganya zaidi, na nataka nikae nalo kidogo.

Tunapenda kusema, "Nimeangalia tovuti kumi na zote zinasema hivyo." Tunadhani hiyo ni mutawatir. Siyo! Mutawatir ni watu wengi waliopokea kila mmoja kwa njia yake. Tovuti kumi zilizonakili moja ni mpokezi mmoja aliyevaa kanzu kumi. Jaribuni wenyewe kutafuta asili ya jina la Kericho. Mimi nilijaribu. Kurasa kadhaa zinasema limetokana na neno la Kikipsigis, kerich, yaani dawa, na hapo zinaanza kutofautiana: wengine wanataja mganga wa kienyeji, wengine hospitali ya wakoloni. Kurasa nyingine zinasema hapana, ni jina la kiongozi wa Kimaasai, Ole Kericho, aliyeuawa vitani. Nikaziweka ubavuni, neno kwa neno. Kurasa za Ole Kericho zilikuwa na sentensi ile ile, na koma mahali pale pale. Sikukuta hata moja iliyosema, nimeambiwa na mzee fulani, au nimesoma kwenye kitabu fulani ukurasa fulani. Huenda moja ya habari hizo ni kweli. Kwamba kerich ni dawa, hilo kila mtu hapa anajua. Lakini kutoka "kerich ni dawa" hadi "mji umeitwa hivyo kwa sababu hiyo" kuna daraja, na sikumwona aliyelijenga. Ukiandika katika kazi yako, andika "inasimuliwa", utaje na kauli zote mbili. Na afadhali zaidi, hapa Chepseon tuna wazee wa miaka themanini. Nenda na sukari robo kilo, keti, uliza, andika jina lake na siku aliyokuambia. Utakuwa umewashinda wa mtandaoni wote, maana wewe una sanad.

Namna ya kugundua kunakili ni nyepesi. Chukua sentensi moja nzima, iweke ndani ya alama za mtajo kwenye Google, uitafute. Ikitokea mara ishirini, tafuta iliyo ya zamani kuliko zote, hiyo ndiyo uihukumu. Hizo nyingine ziache.

Mtaniuliza Wikipedia. Najua walimu wengine wakiisikia wanakunja uso. Mimi sina ugomvi nayo, ila naijua tabia yake. Mwaka 2005 mtu mmoja wa Marekani kwa mzaha aliandika humo kwamba mwandishi wa habari aitwaye John Seigenthaler alishukiwa katika mauaji ya kina Kennedy. Uongo mtupu, na ulikaa kama miezi minne bila kuondolewa. Mwaka huo huo wataalamu walioombwa na jarida la Nature walilinganisha makala 42 za sayansi na za Britannica: wakakuta makosa 162 katika Wikipedia na 123 katika Britannica, na wenyewe wa Britannica wakalipinga zoezi hilo kwa maneno makali. Kwa hiyo si takataka, na si msahafu. Ingia, upate picha ya jumla, kisha teremka chini kabisa kwenye marejeo yake, ufungue hayo. Kazi yako isimame juu ya hayo uliyoyafungua na kuyasoma. Nasema kuyasoma, si kuyaorodhesha! Kuna mwenzangu chuoni aliorodhesha kitabu cha Kifaransa, mhadhiri akamsalimia kwa Kifaransa mbele ya darasa.

Wengine mko vyuoni, mtasema sisi tunatumia majarida ya kitaaluma, hayo yamepitiwa na wataalamu. Mengi ndiyo. Lakini kuna majarida yanayochapisha chochote alimradi mwandishi amelipa ada. Mwaka 2013 mwandishi wa sayansi John Bohannon alitunga utafiti wa uongo kuhusu dawa ya saratani, wenye makosa ambayo mtaalamu wa kemia angeyaona mara moja. Akajipachika majina ya kubuni na taasisi za kubuni, na mojawapo aliiweka hapa kwetu Afrika Mashariki, mjini Asmara, Eritrea. Akapeleka kwa majarida 304. Yaliyokubali kuchapisha yalikuwa 157. Zaidi ya nusu! Mpokezi hakuwapo, chuo hakikuwapo, na hata hivyo yakakubali. Kwa hiyo hata jarida lina sanad yake: nani mhariri, limeanza lini, maktaba kuu zinalihifadhi? Kwa majarida ya kwetu Afrika anzieni African Journals Online, iko tangu 1998 na makala nyingi husomwa bure. Ukikwama, mwone mkutubi wa chuo chako. Wakutubi wanakaa pale wakisubiri kuulizwa, na sisi tunapita kwenda kuchaji simu.

Jambo jipya ambalo wazazi wetu wengi hawalijui ni hizi programu za akili bandia, kama ChatGPT iliyotoka Novemba 2022. Unaiuliza kwa Kiswahili, inakujibu kwa Kiswahili, tena kwa adabu kuliko mimi. Wapo hapa waliofanya nayo kazi za shule, msiangalie chini. Tatizo lake kwa mtafiti ni hili: ukiiomba marejeo, inaweza kukupa jina la mwandishi, jina la makala, mwaka na kurasa, vyote vimepangika vizuri, na makala hiyo haijawahi kuandikwa duniani. Haikusudii kusema uongo. Inapanga maneno yanayofanana na ya kweli. Mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani kesi za zamani walizopewa nayo, hakimu akazitafuta, hazipo. Wakatozwa faini ya dola 5,000. Mawakili hao, si watoto wa gredi ya sita. Mimi huitumia, sitaficha. Huitumia kunieleza neno gumu, au kunionyesha mahali pa kuanzia. Lakini sijaandika jina la makala iliyonipa bila kwanza kuifungua kwa macho yangu. Ikiwa haifunguki, haipo, mpaka nithibitishiwe vinginevyo. Na sasa tovuti nyingi zenyewe zinaandikwa na programu hizo hizo, kwa hiyo lile suala la kanzu kumi limezidi.

Nirudi kwenye chai, kwa sababu nataka mwondoke na mfano wa kushika mkononi.

Utakuta mtandaoni: "Kenya ni ya kwanza duniani kwa chai." Kweli au si kweli? Uliza kama yule mzee: ya kwanza kwa nini? Kwa kuzalisha, hapana. China huzalisha zaidi ya tani milioni tatu kwa mwaka, India zaidi ya milioni moja, nasi tunafuata mbali. Kwa kuuza chai nyeusi nje, hapo tuko mbele. Ukihesabu kwa uzito ni jibu moja, ukihesabu kwa pesa jibu linaweza kubadilika. Vilevile mnada wa Mombasa hauuzi chai ya Kenya peke yake, unauza ya Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine. Ukichukua kilo zote za mnadani ukaziita za Kenya, umetudhulumu sisi na jirani zetu. Na uzalishaji wetu? Mwaka 2023 ulikuwa kama kilo milioni 570, na 2024 kama milioni 598. Kilo ya nini? Ya chai iliyotengenezwa! Sasa mtoto akikuta mahali pameandikwa bilioni mbili na zaidi, asishangae, asichague ile inayompendeza. Hiyo kubwa ni majani mabichi. Zote mbili zaweza kuwa sahihi, na ukiziweka kwenye jedwali moja zinakuwa uongo.

Tarakimu hizo zinapatikana bure. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, hutoa ripoti ya uchumi kila mwaka, nzima, unaipakua pale kwenye saiba au kwenye simu. Bodi ya Chai nayo hutoa zake. Hazina picha za vilima vya kijani, zina majedwali yanayochosha macho, na chini ya kila jedwali kuna maandishi madogo sana. Someni hayo maandishi madogo. Ndiyo yanayokuambia ni kilo ya nini, ya mwaka gani, na kama tarakimu ni za mwisho au za muda zitakazorekebishwa mwakani.

Wazazi wangu, nanyi msiseme haya ni ya vijana. Mtoto akitumwa kazi ya nyumbani mnampa shilingi hamsini aende saiba akachapishiwe, anarudi na karatasi tatu ambazo si yeye wala wewe mmezisoma. Hamhitaji kujua kompyuta. Mwulize alilouliza mjomba. Nani alikuambia? Akijibu Google, mwambie Google ni dalali, anakuonyesha nyumba tu. Nataka jina la mwenye nyumba.

Ile kazi yangu ya muhula mhadhiri aliirudisha na mstari mmoja mwekundu pembeni: "Linganisha vinavyolingana." Nilipata alama chache, nikaifanya upya bila kuombwa. Safari hii nilianza kwa yule mzee aliyeuliza swali. Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa na hofu, akanikaribisha chai, akacheka, akanieleza kiwanda tangu majani yanaponyaushwa mpaka yanapopakiwa. Akanipa risiti zake za miaka kadhaa za malipo ya mwezi na bonasi. Nikachukua bei za mnadani kutoka kwenye ripoti, nikazigeuza zote kuwa kwa kilo ya majani mabichi, nikaandika pembeni ya kila tarakimu imetoka wapi na tarehe niliyoisoma. Ilitoka karatasi moja tu, haina hata neno kali.

Mkutano uliofuata mjomba alisimama tena. Koti lile lile. Akasoma pole pole, na kila tarakimu akitaja chanzo chake. Akamaliza kwa kuuliza makato mawili aliyoshindwa kuyaelewa, ya mwaka gani na ya kiasi gani. Hakuna aliyecheka. Yule mzee alikuwa amekaa safu ya mbele akitikisa kichwa kukubali. Jibu halikutolewa siku ile. Waliandika swali kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa jina lake, wakaahidi kulijibu kwa maandishi, na mjomba bado analifuatilia.

Naona muadhini anatazama saa. Anayetaka kutafutiwa ripoti ya KNBS kwenye simu yake tuonane baada ya Maghribi, na aje na bando lake, langu limeisha.